Gari la gesi likimisi: kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Gari lililofungwa mfumo wa gesi likianza kumisi, yaani silinda kushindwa kuwaka ipasavyo, wa kwanza kulaumiwa ni fundi aliyelifunga, wa pili ni kituo lilikojazwa. Aghalabu wote wawili hawana kosa. Gesi ya LPG iliyochanganyika na hewa ni ngumu kushika cheche kuliko petroli, kwa hiyo koili hulazimika kupandisha volti zaidi ili cheche iruke kwenye plagi. Plagi iliyochoka, koili yenye ufa mwembamba, waya wa ethi ulioliwa na chumvi ya bahari: petroli huvifichia siri, gesi huvifichua. Kwa hiyo usifungue laptopu kurekebisha ramani ya gesi (jedwali la kompyuta linalopanga kiasi cha gesi) kabla hujahakikisha kwamba injini yenyewe ni nzima. Ukiivuruga ramani ili kuifunika plagi mbovu, sasa una matatizo mawili, na la pili ni gumu kulipata kuliko la kwanza.

Maelezo haya ni ya mfumo wa injekta za gesi, kila silinda na injekta yake, kama unavyofungwa kwenye Probox, Fielder, Premio na Noah. Tuktuk na magari ya kabureta yana mambo yake, nayo yako mwishoni.

Usalama na vifaa

LPG ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu hadi mbili. Ikivuja haipai juu. Huteremka na kutulia penye bonde. Gari la gesi halifanyiwi kazi juu ya shimo la gereji. Fanyia uwanjani, upepo ukipita. Hewa ikishakuwa na gesi asilimia 2 hivi, cheche moja yatosha kuilipua.

Kabla ya kufungua filta, paipu au reli ya injekta (kipande kinachogawia injekta zote gesi), funga bomba la mkono kwenye tangi huku injini ikizunguka kwa gesi. Iache imalize gesi iliyobaki kwenye paipu hadi irudi yenyewe kwenye petroli, kisha zima na uchomoe waya wa hasi wa betri. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni na sifongo. Ukimwona mtu akiutafuta kwa kiberiti, kaa mbali naye, wewe na gari lako.

Vifaa: mashine ya kusoma kodi za OBD (namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari), laptopu yenye programu na kebo ya mfumo wako wa gesi, multimita, fila geji (mabamba membamba ya kupimia mwanya), geji ya kompresheni, soketi ya plagi (milimita 16 kwa injini nyingi za Toyota ndogo), na chupa ya kunyunyizia maji.

Je, linamisi kwenye petroli pia?

Washa injini hadi ipate moto wake kamili, kisha endesha dakika 10 kwa petroli tupu. Kuzunguka mtaani hakutoshi, lazima injini ibebe mzigo. Kupandisha kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, ukiwa na abiria ni kipimo kizuri: umekaa foleni injini ikiwaka, halafu ghafla inatakiwa kuvuta. Kipimo kikali zaidi ni mpando wa Mazeras kwa gia ya juu. Rudia njia ile ile kwa gesi.

Likimisi kwenye vyote viwili, acha gesi kabisa: tafuta kwenye cheche, kompresheni na hewa. Likimisi kwenye gesi peke yake, anza bado na cheche, halafu ndipo uingie upande wa gesi.

Likimisi kwenye petroli peke yake, hasa asubuhi kabla ya kubadili kwenda gesi, mwenye gari huapa kwamba gesi imemharibia injini. Kilichotokea ni kwamba ameendesha miezi kwa gesi huku tangi la petroli likiwa na lita mbili tatu. Petroli hiyo imechacha, injekta zimeshika utando, na pampu iliyozoea kupozwa na mafuta imekuwa ikizunguka pakavu. Tangi la petroli lisishuke chini ya robo, na gari litembezwe kwa petroli walau dakika chache kila siku.

Sasa soma kodi. P0300 ni kumisi kwa silinda tofauti tofauti. P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. Kwenye injini ya 1NZ ya Probox, silinda 1 iko upande wa mikanda. Usifute kodi kabla ya kuandika picha iliyogandishwa pamoja nayo: mizunguko, mzigo na joto la injini wakati wa kosa. Picha hiyo ina thamani kuliko kodi yenyewe, kwa sababu saa ya kumisi husema mengi. Likimisi dakika za kwanza baada ya kubadili kisha likatulia, fikiria injekta za gesi zinazonata. Likimisi injini ikiwa moto na gari limesimama, lakini likipata nafuu ukikanyaga, fikiria valvu au hewa inayoingia pasipostahili. Likimisi likivuta mzigo, ni cheche au presha ya gesi. Likimisi baada ya mvua ya masika au baada ya kuoshwa injini, usihangaike na laptopu. Ni koili au soketi za waya. Na likimisi kwenye kona gesi ikikaribia kwisha, jaza gesi kwanza ndipo uendelee kupima.

Cheche

Hapa ndipo penye sehemu kubwa ya kesi, basi usipite mbio.

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Usizisome kama plagi za petroli. Gesi haina rangi ya kuacha, kwa hiyo plagi nzima ya gari la gesi huwa safi, nyeupe ya kijivu au kahawia hafifu. Fundi asiyezoea ataona weupe na kusema gesi ni chache, kisha ataongeza gesi bure. Unachotafuta ni chembe ndogo zinazong'aa mithili ya chumvi kwenye kauri, ncha iliyolika ikawa mviringo, au mstari mweusi mwembamba unaoshuka nje ya kauri kuelekea chuma. Mstari huo ni njia ya umeme: cheche inaruka nje badala ya kushuka hadi nchani. Ukiuona kwenye plagi, mpira wa koili nao una alama hiyo hiyo ndani. Kubadilisha kimoja na kuacha kingine ni kazi ya siku mbili, utarudi.

Pima mwanya kwa fila geji. Plagi ya 1NZ kwa petroli huwa na mwanya wa milimita 1.0 hadi 1.1. Kwa gesi, teremsha hadi 0.7 au 0.8. Mwanya mdogo hupunguza volti inayohitajika, na koili hupumua. Plagi ya kawaida ya nikeli unaweza kuipinda jino la pembeni kwa uangalifu. Ya iridiamu usiisukume ncha ya katikati, itakatika. Ni bora kununua yenye mwanya unaoutaka. Hesabu pia kwamba kwa gesi plagi huishi karibu nusu ya muda wake wa petroli.

Koili hupimwa kwa kuhamishwa. Kama kodi ni P0303, chukua koili ya silinda 3 uipeleke 1, ya 1 uilete 3, futa kodi, endesha. Kosa likihamia P0301, koili ndiyo mbaya. Likibaki P0303, irudishe mahali pake na uhamishe plagi. Likibaki tena, cheche haina hatia kwenye silinda hiyo, na umefika hapo bila kununua hata kipuri kimoja.

Kuna kipimo cha giza pia. Usiku, injini ikiwaka, nyunyiza ukungu wa maji juu ya koili au waya za plagi, usimwage. Ukiona mwanga wa buluu ukicheza au ukisikia mlio wa tik tik huku injini ikiyumba, umepata. Hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na mipira ya koili hupasuka mapema, hasa kwenye magari yanayolala nje karibu na bahari.

Upande wa gesi

Cheche ikishathibitishwa, unganisha laptopu. Programu nyingi za gesi huruhusu kuirudisha silinda moja moja kwenye petroli huku nyingine zikiendelea na gesi. Kipimo hiki hupuuzwa sana, na hakuna kilicho bora kuliko hiki. Injini ikizunguka polepole na ikimisi, rudisha silinda 1 kwenye petroli, sikiliza. Irudishe kwenye gesi, nenda 2, hivyo hivyo hadi 4. Ile ambayo injini inatulia mara tu inapopewa petroli, injekta yake ya gesi, mpira wake au nozeli yake ndiyo yenye kasoro. Kama hakuna tofauti kwenye silinda yoyote, kasoro inazigusa zote pamoja: presha, filta, redyusa (kifaa kinachogeuza gesi kuwa mvuke na kupunguza presha yake) au ramani.

Injekta ya silinda iliyotajwa ipimwe kwa multimita ikiwa imechomolewa. Reli nyingi zina ohmu 3, nyingine 2 au 1, kulingana na aina. Namba yenyewe si hoja kubwa; nne zote zifanane. Umeme ukiwa sawa, kasoro ni uchafu. Gesi hubeba masalia ya mafuta mazito ambayo hubaki kama ute wa kahawia ndani ya redyusa na injekta. Ute ukipoa huganda kidogo, pistoni ya injekta inachelewa kufunguka, gari linamisi likibadili tu kwenda gesi, kisha likipata joto linanyooka. Kusafisha husaidia kwa muda. Injekta iliyolika ndani haitengenezeki. Wakati unasubiri vipuri, pandisha joto la kubadilia kutoka nyuzi 30 au 40 hadi 50, redyusa ianze kazi ikiwa moto.

Tazama pia muda wa kufunguka. Injini ikizunguka polepole, injekta ya petroli hufunguka takriban milisekunde 2 hadi 3.5, na ya gesi inapaswa kuwa zaidi, 4 hadi 5.5 hivi. Ukiona ya gesi iko chini ya 3, nozeli zimetobolewa kubwa mno au presha iko juu mno: injekta inaambiwa ifunge kabla haijafunguka vizuri. Toa nozeli zote nne na upitishe keekee moja katika kila tundu. Isiyolingana na wenzake ndiyo mkosaji. Mipira kutoka injekta hadi manifoldi iwe mifupi, isizidi sentimita 20, na urefu sawa yote. Na kama kumisi kumeanza baada ya kazi nyingine ya gereji, fuata kila mpira kwa kidole: mara nyingi mpira wa silinda 2 umerudishwa kwenye 3. Gari litawaka na kutembea, ila halitatulia kamwe.

Presha husomwa kwenye programu hiyo hiyo. Kwa mifumo mingi, tofauti kati ya reli na manifoldi ni bar 1.0 hadi 1.2. Mtu aendeshe, mwingine atazame. Ukikanyaga hadi chini, presha ikishuka zaidi ya bar 0.3 na ikakawia kurudi, gesi haifiki. Anza na bomba la mkono kwenye tangi, lifunguliwe hadi mwisho, lakini taratibu. Ukilifungua kwa nguvu, valvu ya kuzuia mtiririko mkubwa hujifunga kwa kudhani paipu imekatika, na gari linapata gesi ya kudondoka tu. Kisha filta mbili: ya gesi ya maji (ikiwa bado kimiminika) kwenye solenoidi ya mbele, yaani valvu ya umeme, na ya mvuke kabla ya reli. Zibadilishwe kila kilomita 10,000 hadi 15,000. Anayejaza gesi ya mtungi wa jikoni kwa njia za panya atazibadilisha mapema zaidi, mbali na hatari na kuvunja sheria.

Mwisho wa upande huu ni kusoma marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta ya petroli inaongeza au kupunguza. Kompyuta ya petroli ndiyo bwana. Ya gesi hupokea muda wa injekta kutoka kwake na kuuzidisha tu. Jumlisha rekebisho la muda mfupi na la muda mrefu kwenye petroli, injini ikizunguka polepole na kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Badili kwenda gesi, subiri dakika kadhaa, soma tena. Tofauti ikizidi asilimia 10, ramani haiko sawa. Ikipanda kuelekea chanya gesi ni chache, ikishuka kuelekea hasi ni nyingi.

Lakini jihadhari na mtego mmoja. Silinda inayomisi hutoa hewa ambayo haikuungua, sensa ya oksijeni inaiona hewa hiyo na kudhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta, na kodi ya P0171 inajitokeza. Fundi akiiamini ataongeza gesi kwa silinda zote, na tatu nzima zitazama kwenye gesi kwa ajili ya moja isiyowaka. Kumisi kumalizwe kwanza, marekebisho yasomwe baadaye.

Redyusa na maji ya rejeta

Gesi ya maji ikigeuka mvuke hunyonya joto jingi, na joto hilo linatoka kwenye maji ya injini yanayopita ndani ya redyusa. Hata kwenye joto la Mombasa redyusa yaweza kushika jasho na barafu. Gusa mipira yake miwili ya maji injini ikiwa moto: yote miwili iwe moto. Mmoja ukiwa baridi, kuna hewa iliyonaswa au njia imeziba. Redyusa iliyofungwa juu kuliko rejeta hunasa hewa kila maji yanapopungua.

Sababu mbili za pwani hukutwa tena na tena. Ya kwanza ni tamostati iliyotolewa «kwa sababu ya joto». Injini haipati nyuzi zake, redyusa inabaki vuguvugu, na ukivuta mlima gesi inapita nusu maji nusu mvuke. Rudisha tamostati, kama injini inachemka, tatizo ni rejeta au feni. Ya pili ni maji ya kisima. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, nayo hula aluminiamu ya redyusa kutoka ndani na kuacha tope. Weka kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi.

Kiwambo cha ndani kikipasuka, gesi hupita kwenye mpira mdogo wa vakyumu na kuingia manifoldi bila kupimwa. Injini ikiwaka kwa gesi, chomoa mpira huo upande wa manifoldi, ziba tundu la manifoldi kwa kidole, na unuse. Harufu ya gesi ni hukumu.

Valvu

Petroli huacha utando kidogo kwenye viti vya valvu. Gesi ni kavu. Kiti kinalika, valvu inapanda, na mwanya wa tapeti unapungua badala ya kuongezeka. Ndiyo maana hakuna mlio wa kukuonya: injini inakuwa kimya zaidi siku hadi siku, hadi valvu ya ekzosi inashindwa kufunga ikiwa moto. Kwa 1NZ, injini ikiwa baridi, mwanya wa valvu za kuingiza ni milimita 0.15 hadi 0.25, na za ekzosi 0.25 hadi 0.35. Pima kila kilomita 40,000. Pima na kompresheni, throtli ikiwa wazi kabisa na plagi zote nje. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya bar 1 ichunguzwe. Tia kijiko cha oili ndani yake upime tena: namba ikipanda ni ringi, ikibaki pale pale ni valvu.

Waya

Mfumo wa gesi umekata waya za injekta za petroli na kuziunga upya, kwa hiyo kila kiungo ni mlango wa kutu. Tafuta unga wa kijani. Vuta kila waya taratibu. Ukirefuka kama mpira, shaba ya ndani imeshakatika. Waya uliosokotwa na kufungwa tepu ukatwe, uchomelewe kwa risasi na uvikwe mrija unaosinyaa kwa moto. Ethi ipimwe injini ikiwaka na taa zimewashwa: multimita kati ya hasi ya betri na chuma cha injini isizidi volti 0.2.

Ukishatengeneza, futa kodi, endesha kwa petroli kwanza ili kompyuta ijifunze upya, ndipo upige tena ramani kwa gesi.

Tuktuk na kabureta

Mfumo wa mchanganyiko hauna injekta. Hewa inayopita kwenye koo la miksa (kifaa kinachochanganya hewa na gesi) ndiyo inayovuta gesi, kwa hiyo filta ya hewa iliyojaa vumbi huongeza gesi papo hapo na injini hukohoa. Badilisha filta kabla ya kugusa skrubu. Skrubu ya gesi izungushwe robo robo, ukihesabu, ili uweze kurudi ulipoanza. Plagi mara nyingi ni moja tu, basi beba ya akiba yenye mwanya uliokwisha pimwa. Ukibadili kutoka petroli, zima petroli kwanza na uache bakuli la kabureta likauke hadi injini ianze kuyumba, ndipo ufungue gesi. Vikiingia pamoja, injini itamisi kwa wingi wa mafuta, na ikirudisha moto kwenye koo, mpira wa hewa hupasuka.